Misalaba kwenye matanga: je, Vita vya Msalaba vilifika Kilwa?

*«Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Kitabu tunachotumia kinasema Vita vya Msalaba viliisha mwaka 1291, Akka ilipotekwa. Kurasa chache mbele, Wareno wanaingia katika mwambao wetu wakiwa na misalaba mikubwa kwenye matanga. Mwanafunzi mmoja akauliza kama vita vile viliisha kweli au vilihamia kwetu. Mwenzake akamcheka, akasema Wareno walifuata pilipili na dhahabu tu. Darasa likagawanyika, tena kwa misingi ya dini, jambo ambalo sikulitaka. Niwajibu nini? Na babu wa mmoja wao ana sarafu yenye msalaba aliyoiokota ufukweni. Nyumbani kwao wanasema ni ya Vita vya Msalaba. Yawezekana?»*

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa furushi moja: vita vile viliisha lini, Wareno walikuja kufanya nini, na sarafu ya babu ni ya nini. Lipo na la nne ambalo umeligusa kwa haraka, la namna ya kuzungumza habari hizi mbele ya vijana Waislamu na Wakristo wanaokaa dawati moja. Naanza na la kwanza, maana likikaa sawa mengine yatafunguka yenyewe. Kwa sasa nikwambie tu kwamba kijana aliyeuliza ameona pengo lililomo kitabuni, na aliyemcheka naye hakukosea yote.

Mwaka 1291 si wa uongo. Mwezi Mei mwaka huo Sultani al-Ashraf Khalil wa Misri aliuteka mji wa Akka, na katika miezi michache iliyofuata miji iliyobaki kwenye pwani ya Syria na Palestina ikaachwa au ikasalimu amri. Kilichoisha hapo ni utawala wa Wakristo wa Ulaya magharibi katika nchi ile, uliokuwa umedumu karibu miaka 200. Vitabu vya shule hupenda kufunga mlango hapo kwa kuwa ni mahali pazuri pa kumalizia sura. Hata ile hesabu ya Vita vya Kwanza, vya Pili na vya Tatu ni kazi ya wanahistoria waliokuja baadaye. Hakuna aliyeaga mkewe akisema anakwenda katika Vita vya Tano.

Ili uone kwa nini havikuisha, vitazame vita hivyo kama utaratibu wa kisheria kabla ya kuvitazama kama safari ya Yerusalemu. Papa alitoa hati. Hati ilimtaja adui na sababu ya vita, ikaahidi rehema kamili kwa kila atakayeweka nadhiri, akashona msalaba wa kitambaa kwenye vazi lake na kwenda kupigana. Mali ya aliyeondoka iliwekwa chini ya ulinzi wa Kanisa, na mfalme aliyeongoza vita mara nyingi aliruhusiwa kuchukua sehemu ya mapato ya makasisi ili kugharimia jeshi. Hakuna popote palipolazimisha adui awe Mwislamu, wala uwanja wa vita uwe Palestina. Adui alikuwa yule aliyetajwa na hati, na hati mpya iliweza kuandikwa wakati wowote Papa na wafalme walipokubaliana.

Neno rehema nalo lahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linalopotoshwa zaidi. Haikuwa ruhusa ya kutenda dhambi, na haikuwa tiketi ya mbinguni. Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki dhambi husamehewa kwa toba na maungamo, lakini hubaki adhabu ya muda, ya hapa duniani au ya toharani, na hiyo ndiyo iliyoondolewa na rehema. Tofauti hiyo ni nyembamba, na mhubiri mwenye haraka aliweza kuiruka. Kuanzia mwaka 1213 Papa Inosenti wa Tatu alipanua mlango zaidi: asiyeweza kwenda angeweza kulipa fedha badala ya kutimiza nadhiri yake, naye akapata sehemu ya faida ile ile ya kiroho. Tangu hapo Vita vya Msalaba vikawa pia njia ya kukusanya fedha, na jambo lenye mfuko wa fedha haliishi kwa sababu mji mmoja umeanguka.

Nikuonyeshe karatasi moja. Mwaka 1454, mjini Mainz, Ujerumani, katika siku za mwanzo kabisa za uchapaji wa Ulaya na katika mzunguko ule ule wa Johannes Gutenberg, zilichapwa hati za rehema za kuchangia ulinzi wa kisiwa cha Kupro dhidi ya Waturuki. Toleo moja lina mistari 31 ya Kilatini katika ukurasa mmoja, na katikati ya maneno yameachwa mapengo: hapa jina la mtoaji, hapa mahali, hapa siku. Karani alijaza kwa wino, mtu akaondoka nayo kama anavyoondoka na stakabadhi. Hati hizo ni miongoni mwa vitu vya kale zaidi vyenye tarehe vilivyochapwa Ulaya kwa herufi za kupanga. Mwaka huo Akka ilikuwa imeshaanguka miaka 163 iliyopita. Ukitaka kuwashawishi wanafunzi wako kwamba mwaka 1291 haukufunga kitu, waambie habari ya mapengo yale.

Sasa, utaratibu huo ulitumika wapi? Karibu kila upande. Oktoba 1365 Mfalme Petro wa Kwanza wa Kupro aliivamia Iskandaria, akaipora kwa takriban wiki moja, kisha wapiganaji wake wakapakia ngawira wakaondoka kabla jeshi kuu la Misri halijawafikia. Waliokasirika kupita kiasi upande wa Wakristo walikuwa wafanyabiashara wa Venice, kwa sababu Iskandaria ndipo walipokuwa wakinunua pilipili iliyovuka Bahari ya Hindi na kupanda Bahari ya Shamu, na haraka wakaanza kutafuta namna ya kupatana na Sultani. Kwa hiyo yule mwanafunzi wako wa pili mwambie kwamba pilipili iliingia katika habari za Vita vya Msalaba zaidi ya miaka 130 kabla ya Vasco da Gama, tena ikiwa upande wa kuvizuia.

Tarehe 25 Septemba 1396, karibu na mto Danube, jeshi kubwa la Wafaransa, Waburgundi na Wahungaria lilikutana na Sultani Bayezid wa Waosmani, yaani Waturuki, huko Nicopolis. Mfalme Sigismund wa Hungaria, aliyewajua Waturuki, alishauri askari wake wa miguu watangulie. Wapanda farasi wa Ufaransa waliona ni aibu kumfuata mtu wa miguu, wakapanda mteremko peke yao, wakakuta vigingi vilivyochongwa, na walipovipita wakakuta jeshi kuu la Sultani likiwasubiri nyuma ya kilima. Walioumaliza upinzani wa Wahungaria siku ile ni wapanda farasi wa Serbia, Wakristo, waliokuwa wakimtumikia Bayezid kwa ahadi ya utii. Kisa hiki nakipenda kwa darasa lenye mgawanyiko, kwa sababu mstari tunaouchora leo kati ya dini mbili haupiti pale tunapodhani ulipita.

Mengine nitayapita haraka. Mwaka 1444 huko Varna Mfalme Władysław wa Poland na Hungaria aliuawa vitani akipigana na Sultani Murad wa Pili; mwaka 1453 Konstantinopoli ikaanguka; mwaka 1456 Belgrade ikaokolewa na János Hunyadi pamoja na umati wa watu wa kawaida waliokusanywa na mhubiri Mfransisko, Yohane wa Capistrano. Kule kaskazini, watawa wapiganaji wa Kijerumani waliendelea kuishambulia Lithuania hata baada ya mtawala wake kubatizwa mwaka 1386, mpaka waliposhindwa vibaya Grunwald mwaka 1410. Na kati ya miaka 1420 na 1431 misafara kadhaa ilitumwa Bohemia kuwapiga wafuasi wa Jan Hus, ambao walikuwa Wakristo kama wao. Misafara ile ilishindwa, mmoja baada ya mwingine.

Ureno ndiyo inayotuhusu. Watemplari, shirika la watawa wapiganaji lililozaliwa na Vita vya Msalaba, walipovunjwa mwaka 1312, Mfalme Dinis wa Ureno hakutaka mashamba na majumba yao yapotee, akamwomba Papa aruhusu shirika jipya la watawa wapiganaji. Mwaka 1319 likaanzishwa Shirika la Kristo, ambalo makao yake yalihamia baadaye katika mji wa Tomar, na alama yake ikawa msalaba mwekundu wenye msalaba mweupe ndani. Huo ndio msalaba uliokuwa kwenye matanga. Mwaka 1415 Wareno waliteka Ceuta, mji uliokuwa wa Moroko wakati ule. Mwaka 1437 walijaribu Tangier wakashindwa, na mwana wa mfalme, Fernando, akabaki mateka hadi alipofia Fez mwaka 1443. Ndugu yake Henrique, ambaye vitabu vyetu humwita Henry Baharia, alikuwa msimamizi wa Shirika la Kristo tangu mwaka 1420, na mapato ya shirika hilo yalisaidia kulipia meli zilizotumwa kusini kando ya Afrika.

Kisha zikaja hati. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimruhusu mfalme wa Ureno kuwashambulia Waislamu na wapagani, kuchukua nchi zao na kuwatia watu wao katika utumwa wa kudumu. Mwaka 1455 akathibitisha na kupanua ruhusa hiyo. Mwaka 1456 mrithi wake, Kalisto wa Tatu, akalipa Shirika la Kristo mamlaka ya kiroho juu ya nchi zote kutoka rasi ya Bojador, kupitia Guinea, hadi kwa Wahindi. Lisome tena hilo: miaka 42 kabla Mreno yeyote hajatia nanga Mombasa, mwambao huu wote ulikuwa tayari umekabidhiwa, kwenye ngozi ya Kilatini, kwa nyumba ya watawa iliyoko Tomar. Watu wa Kilwa waliendelea kuuza dhahabu ya Sofala, bandari iliyo kusini mwao, na kulipa ushuru wao bila kuwa na habari.

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, akaenda Malindi, na kutoka huko akavushwa na rubani mwenyeji wa bahari hii hadi Calicut, India. Kuna kitabu cha safari ile kilichoandikwa na mmoja wa waliokuwemo. Anasimulia kwamba huko Calicut mtu wao wa kwanza kushuka pwani alipelekwa kwa Waislamu wawili wa Tunis waliojua lugha za Ulaya, wakamuuliza wamefuata nini mbali hivi. Akajibu kwamba wanatafuta Wakristo na viungo. Mwalimu, wanafunzi wako wawili wamegawana jibu la mtu mmoja! Wakristo waliotafutwa walikuwa wa yule mfalme wa kusadikika, Padre Yohane, ambaye Wareno walimhusisha na mfalme wa Uhabeshi, na ambaye walitumaini angeungana nao kuwapiga Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati ule, kutoka nyuma. Mfalme Manuel wa Ureno aliiota Yerusalemu kwa dhati. Kuikata biashara ya viungo iliyopita Bahari ya Shamu kulikuwa, machoni pake, kumnyima Sultani wa Misri mapato na kujaza hazina ya Lisbon kwa pigo moja. Hivyo ukiuliza kama lengo lilikuwa dini au biashara, unamlazimisha mtu yule kuchagua kati ya vitu ambavyo yeye aliviona ni kimoja.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi hauko Kilwa, uko Lisbon. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na meli za kivita, akamtisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, hadi akakubali kulipa kodi ya utii, inayotajwa kuwa mithkali (kipimo cha kale cha uzito) 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ilipofika Ureno, Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi altareni. Ilikamilika mwaka 1506 na leo imo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale la taifa. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, mkate wa Ekaristi, kila mmoja na vazi la rangi yake. Chini yao, kwenye shina, zimezunguka tufe za falaki, alama ya mfalme aliyejiona ana haki juu ya bahari zote. Kwenye kitako kuna maandishi yanayosema wazi kwamba imefanywa kwa dhahabu ya *páreas* za Kilwa.

Neno hilo moja lina uzito kuliko matanga yote. *Páreas* halikuwa neno la biashara wala la ushuru wa bandari. Lilikuwa neno la kale la Hispania na Ureno kwa malipo ambayo watawala Waislamu wa rasi ile, Granada miongoni mwao, waliwapa wafalme Wakristo ili wasishambuliwe. Granada ilikuwa imeanguka mwaka 1492, baada ya vita vya miaka kumi vilivyogharimiwa kwa sehemu kwa hati za rehema za Vita vya Msalaba. Miaka kumi baadaye neno lililokuwa limetumika kwa Granada likahamishiwa kwa Kilwa. Mtawala wa Kilwa aliandikwa katika daftari lililokuwa limefunguliwa kwa watu wengine, kwa ugomvi wa nchi nyingine.

Hata hivyo nikiishia hapo nitakuwa nimekupa nusu. Julai 1505 kamanda wa Wareno, Francisco de Almeida, aliiteka Kilwa, Amiri Ibrahim akakimbia, na Wareno wakajenga ngome wakaiita Santiago, jina la mtakatifu ambaye askari wa Hispania walimwita wakipigana na Waislamu. Lakini waliyemtawaza badala ya Ibrahim ni Muhammad Ankoni, tajiri wa mji na Mwislamu. Mwezi uliofuata waliipora na kuichoma Mombasa, huku rafiki yao wa karibu katika mwambao huu, mfalme wa Malindi, akiwa Mwislamu pia, mwenye ugomvi wake wa siku nyingi na Mombasa na hesabu zake mwenyewe. Mwaka 1512 wakaiacha ngome ya Kilwa, maana dhahabu ilikuwa imepungua na gharama zimebaki pale pale. Mpiganaji wa dini haondoki kwa sababu mahesabu yamekataa. Hapo kijana wako wa pili anapata haki yake.

Wanahistoria wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema Vita vya Msalaba ni vile tu vilivyoelekea Yerusalemu, na kwa kipimo hicho hakuna vilivyofika Kilwa. Wapo wanaosema ni vita yoyote iliyobebwa na hati ya Papa, nadhiri na rehema, na kwa kipimo hicho viliendelea kwa karne nyingi. Hispania iliuza hati zinazoitwa za Vita vya Msalaba hadi karne ya 20, wakati ambapo faida yake kubwa kwa mnunuzi ilikuwa nafuu ya masharti ya kufunga. Mimi nasimama karibu na kundi la pili, kwa sharti moja: tutofautishe kati ya vita vilivyotangazwa na vita vilivyotumia mavazi ya vile vilivyotangazwa. Ceuta na Granada ni vya kwanza. Kilwa mwaka 1505 naiweka katika vya pili. Wareno walifika na hati mfukoni, msalaba kwenye tanga na msamiati wa Granada kinywani, kisha wakafanya kile ambacho soko la dhahabu liliwaruhusu kufanya.

Kuhusu darasa, nisingewaacha wajadiliane nani alikuwa mbaya zaidi. Wape watu wenye majina badala ya dini. Waulize Mserbia wa Nicopolis alikuwa upande gani, mfanyabiashara wa Venice alilia nini Iskandaria ilipoporwa, mfalme wa Malindi alitaka nini kwa kumkaribisha mgeni mwenye mizinga, na Muhammad Ankoni alijisikiaje kupokea taji mkononi mwa Almeida. Vijana wakianza kubishana juu ya Ankoni, wataacha kutazamana. Lakini kama mvutano umevuka masomo, ukaingia katika matusi au kutengana kwenye viti, usiumalize kwa somo la historia. Kaa na mwalimu wa malezi, na ikibidi waite shehe na padri mnaowaamini waje pamoja, siku moja, chumba kimoja. Ikiwezekana chukueni mashua kutoka Kilwa Masoko mwende Kisiwani. Msikiti Mkuu na Gereza vinaonekana kwa mguu katika asubuhi moja, ila waambie mapema kwamba Gereza mtakayoiona imejengwa kwa sehemu kubwa zama za Waomani, juu ya mahali pa ngome ile ya Wareno.

Inabaki sarafu. Iko sarafu iliyozaliwa na Vita vya Msalaba kwa jina na kwa kusudi: *cruzado* ya dhahabu, ambayo Mfalme Afonso wa Tano wa Ureno alianza kuipiga mwaka 1457 kwa ajili ya vita dhidi ya Waturuki vilivyotangazwa na Papa Kalisto. Vita hivyo havikufika kwa Waturuki; jeshi la Afonso likaishia Moroko, lakini jina la sarafu likabaki. Ilikuwa nyembamba, ya dhahabu karibu safi, yenye uzito wa gramu tatu na nusu hivi. Kama ya babu ni ya fedha au shaba, basi siyo hiyo, na hapo uwezekano ni mwingi: Wareno waliweka msalaba kwenye sarafu zao kwa karne nyingi, na fedha ya Kihispania kutoka Amerika, yenye msalaba mkubwa upande mmoja, ilizunguka katika bahari zote. Kwa maelezo ya barua peke yake, au hata kwa picha ya simu, mtu mwaminifu hawezi kukuambia zaidi.

Msiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno, kwa kuwa kinachoonekana kama uchafu mara nyingi ndicho kinachobeba habari yake. Msiiuze kwa mtu anayepita. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa, kwa hiyo ipelekeni kwenye ofisi inayosimamia magofu ya Kilwa au makumbusho ya taifa, babu mwenyewe akiwepo, ipimwe mbele yake na apewe maandishi. Kabla hamjaondoka, mkalishe chini akueleze ufukwe ulikuwa upi, maji yalikuwa yamekupwa au yamejaa, na kama palikuwa na vigae karibu. Mwanafunzi aandike kila neno.